Ya Tatu, Jembe

Jana walitupa kalamu, kabrasha, na kitambulisho
ambacho jina langu limepungukiwa herufi.
Nimekivaa hivyohivyo. Hata kura zangu hazikutosha:

mia mbili na kumi na nne mimi,
mia mbili na kumi na nne Islwyn mwenye bucha.
Walihesabu mara tatu, taa za ukumbi zikivuma kama nyuki,
kisha msimamizi akaazima kofia ya mvua,
akatumbukiza vikaratasi viwili,
akageuza uso ukutani, akachomoa.
Basi mimi ni diwani wa kofia.
Islwyn alinipa mkono. Tangu siku ile
nyama anayonikatia ina mfupa mwingi.

Tuko wapya kumi na mmoja, juu ya zulia la rangi ya maini:
mwalimu mstaafu, kijana wa miaka kumi na tisa,
mfugaji wa kondoo aliyesinzia kwenye akidi
akaamka kwenye biskuti.
Mimi naendesha lori la maziwa, naamka saa tisa usiku;
ikifika saa nane mchana, sheria ya ardhi
inanipita kama ukungu mabegani mwa mlima.

Bwana Pugh anatufundisha kuinua mkono.
Kusema kupitia kwa mwenyekiti,
hata kama ni tusi: kupitia kwa mwenyekiti.
Kwamba "nitafanya" ni deni,
na "nitauliza" ni njia. Hilo niliandika.

Kisha, kabla ya chai, mgongano wa maslahi.
"Tuseme," akasema, "kuna daraja."
Nikaacha kuchezea kalamu.
"Tuseme limechoka. Fedha zilizopo zitalikarabati,
au zitanunua mabasi mawili ya shule.
Ng'ambo, ndugu wa diwani ana shamba. Diwani afanye nini?"
Kijana: "Apige kura kwa haki."
Mwalimu: "Atangaze."
Mvua ikagonga dirisha kwa kucha.
"Atangaze," akasema Bwana Pugh, "halafu atoke nje."

Si tuseme. Daraja lipo.
Lipo Pont Rhedyn, lina kibao cha tani tatu,
na lori langu likishiba ni tani ishirini na sita.
Kila alfajiri nazunguka maili kumi na moja
kufuata maziwa ya kaka yangu Emrys,
ambaye ukisimama ukingoni unamsikia akikohoa.
Ndilo nililolinadi, mlango kwa mlango, mbwa kwa mbwa:
nipeni kura, niwape daraja.

Nikainua mkono. "Kupitia kwa mwenyekiti,
nje ni wapi?"
Wakacheka. Yeye hakucheka.
Alinipeleka: mlango, korido,
benchi chini ya picha za wenyeviti waliokwisha kufa.
"Hapa," akasema. "Watakuita wakimaliza."
Nikaketi, kujaribu. Ubao wa baridi.
Sauti zilinifikia bila maneno,
kama redio ya jirani.

Jioni nikapita buchani.
Islwyn hana ndugu ng'ambo ya mto, hana hata paka.
Angebaki chumbani. Angepiga kura.
Nikamwambia hivyo, bila kupitia kwa yeyote.
Akafuta kisu, upande huu, upande ule.
"Lete hicho kitabu chako."
Akapekua kabrasha kwa vidole vya mafuta,
akatia doa kwenye maadili, akatia doa kwenye bajeti,
akafika ukurasa wa arubaini na moja:
mwananchi yeyote, mwanzoni mwa kikao, dakika tatu.

"Mimi ni yeyote," akasema.

Kisha akanipimia nyama.
Mfupa ulikuwa palepale.