Jozi Sita

Bi Dulmaa wa dirisha namba nne hataki hadithi.
"Anwani ya kadi ya mtandao," anasema, "jozi sita.
Bila hiyo, intaneti ya bweni utaisikia kwa wenzako,"
kisha anarudi kwenye kikombe chake cha chai ya chumvi.
Nje, Ulaanbaatar imezama katika moshi wa makaa,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Kompyuta si yangu. Ni ya kaka yangu, Tumurbat.
Kitufe cha N kimefutika, kona moja imefungwa kwa selotepu,
na ndani yake kuna Linux, kwa sababu Tumurbat
hakupenda kitu kisichokubali kupasuliwa tumbo.
Aliniachia nywila kwenye kipande cha boksi la sigara.
Hakuniachia maelezo.

Nakaa sakafuni, mgongo kwenye bomba la joto.
Nafungua dirisha jeusi. Kielekezi kinapepesa
kama mtu anayengoja umalize sentensi.
Naandika: ip link
na najibiwa kwa mkupuo, bila salamu.

Wa kwanza anaitwa lo. Sifuri, sifuri, sifuri,
jozi sita za sifuri: huyu hujisemesha mwenyewe,
barua zake hazivuki kizingiti. Nampita.
Wa pili ni wa waya, na waya hatuna.
Wa tatu, wlp3s0, ndiye wa hewani.
Natafuta neno ether, na mbele yake, hiyo hapo:

7c:e1:0b:94:d6:3f

Hesabu iliyoishiwa tarakimu ikakopa herufi,
a mpaka f, na deni halijalipwa.
Naiandika kiganjani, maana karatasi kwangu hazikai.
"Ile anwani nyingine hubadilika," Tumurbat alikuwa akisema,
"kila nyumba inakupa yake, ukiondoka anapewa mgeni.
Hii umechomwa nayo kiwandani, kama chapa ya farasi."

Nashuka ngazi tena. Bi Dulmaa anasoma kiganja changu
kama mpiga ramli asiye na haraka,
anagonga vitufe, anasita.
"Hii ipo tayari."
Anageuza kioo. Chumba 217, mwaka wa pili, uhandisi wa migodi.
Jina la kaka yangu, kwa herufi kubwa.

Machi tulimfuta kwenye kitabu cha wilaya;
mama alipeleka kitambulisho, wakakikata kona mbele yake.
Benki ilimfuta. Namba yake ya simu ina mtu mwingine sasa,
mwanamke wa Darkhan, mpole, nimeshampigia mara mbili.
Hapa hakuna aliyekumbuka kuja kutoa taarifa.

"Nimfute nikuandike wewe?"
Kidole chake kiko juu ya kitufe.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
"Kwa mtandao," nasema, "si ni mashine ile ile?"
Ananitazama. Anatazama kitambulisho changu:
jina la baba ni lile lile.
Anavuta chai, polepole, mpaka ikaisha.
"Basi tubadilishe chumba tu," anajiambia,
na 217 inakuwa 304.

Usiku, taa ndogo ya kijani inawaka ubavuni.
Kisambazaji cha korido kinauliza, nani?
Mashine inajibu kama ilivyojibu siku zote,
na kinafungua.

Mkono sijanawa.