Sura ya Tatu

Profesa amezungushia wino mwekundu
neno *mmomonyoko*. Pembeni: *fafanua*.
Saa nane za usiku, umeme umekatika,
Asifiwe kalala mgongoni mwangu, homa imeshuka kidogo,
mshumaa unadondokea ukurasa wa arobaini na moja.

Hapa Lubumbashi mvua inalaza vumbi jekundu,
watu wanaishukuru.
Kule Bukavu inatafuta mtu.

Mama hapigi simu, hana salio. Anabipu.
Bipu moja: tumelala salama.
Bipu mbili: mto Kawa umepanda,
tumehamishia unga na cherehani
kwa Mama Cibalonza, kule juu.
Bipu ya tatu hatukuipatanisha maana.

Mugisho yuko zamu ya usiku, Kipushi.
Ameacha bukari chini ya sahani, na kikaratasi:
*Kula kwanza. Udongo hauhami.*
Unahama, mume wangu.
Ndiyo sura yote ya tatu.

Nimeandika: mteremko, digrii thelathini na tano;
udongo wa mfinyanzi; miti imekatwa;
nyumba zimebanana kama watoto wa kitanda kimoja.
Sikuandika: ya nne kutoka mferejini,
mlango wa buluu,
bawaba moja tuliifunga kwa waya, mimi na baba.

Simu inatetemeka mezani.
Moja.
Nashika ukingo wa meza.
Asifiwe anakohoa, anatulia.
Mbili.

Haya. Unga uko juu. Cherehani iko juu.
Naigeuza simu kifudifudi,
naigeuza tena.