Daftari la Mvua

Enid, mama wa mume wangu, hakuandika barua.
Aliandika mvua.
Kila alfajiri, kwa gauni la kulalia na buti za mumewe,
alitoka kusoma kipimo kilichofungwa kwenye nguzo ya ua:
sufuri. Sufuri. Sufuri.
Milimita mbili, za kulaza vumbi tu.
Sufuri.

Pembeni, kwa penseli, mengine yalijibana:
Kinu cha upepo kimevunjika bawa.
Ng'ombe mia na arobaini, wamekwisha.
Colin kazaliwa, daktari wa ndege kachelewa.
Na mwaka wa ukame mkubwa, neno moja:
Dulcie.
Bila kitenzi. Bila nukta.

Miaka kumi na minne nimelipangusa daftari hilo
nisiulize.

Hadi Jumanne ile Rosina aliposimamisha gari getini,
ametoka Alice Springs usiku,
nyuma mtarimbo, watoto watatu, mbwa wa miguu mitatu.
"Bibi yangu Dulcie alifua nguo hapa," akasema.
"Mshahara wake unga, sukari na majani ya chai.
Nimewaleta hawa waone kwao."
Kwao.
Nami nimesimama na funguo mkononi
sijui nani amkaribishe nani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi, siku ya tatu, tulishusha seng'enge.

Tukateremka mkondoni, mchanga mkavu hadi upeo wa macho.
Hakutazama mawingu.
Aliita kwanza, kwa lugha ya bibi yake,
akiitajia nchi majina ya watoto, mmoja mmoja,
mdogo akiona haya.
Kisha akachimba kwa mtarimbo na kopo la maziwa
mpaka shimo likammeza kiunoni.
Mchanga ukabadilika rangi.
Ukaanza kulia chini ya kopo.
Maji yakaja polepole, kama mtu aliyeamshwa
ambaye bado hajaamua kuzungumza.

Tulikunywa kwa zamu. Yana ladha ya mizizi.

"Mkweo alikunywa hapa, mwaka ule ng'ombe walipokwisha.
Bibi ndiye aliyemleta, na mtoto mgongoni.
Akamwapisha asimwambie mumewe."

Usiku nimelifungua daftari, ukurasa wa leo.
Kipimo: sufuri.
Si uongo. Hakukunyesha.
Ila kucha zangu zina mchanga mbichi,
na karatasi imeshika alama ya kidole.
Pembeni, kwa penseli:
Rosina.
Mahali sikuandika.