Somo la Tano: Ukweli

Jumamosi, saa tatu kasorobo, ukumbi wa Jericho.
Nimefagia maganda ya njugu ya mkutano wa jana,
nimepanga viti vya plastiki duara, thelathini na viwili,
kimoja mguu wake umefungwa kwa waya: hicho changu.
Ukutani nimebandika karatasi kubwa. UKWELI.
Chini yake, kwa kalamu ya kijani inayokauka,
nimechora mti. Kila somo nachora mti.
Sijui kuchora kitu kingine.

Wanaingia na baridi yao ya Julai:
Halkano, na fulana ya kaka yake inayomgusa magoti,
pacha wa Mutheu, wasiokaa pamoja tangu wagombanie penseli,
Kwamboka, kambeba mdogo wake mgongoni
maana mama yuko zamu Industrial Area
na mlango wa jirani leo umefungwa.
Tunacheza mchezo wa majina. Tunapiga makofi.
Kisha nauliza, kwa ile sauti niliyofunzwa kwenye semina Limuru,
"Ukweli ni nini?"
"Ni kutodanganya."
"Ni Mungu."
"Ni kuchapwa," akasema Halkano,
na hakuna aliyecheka.

Saa nne, ndoo ya mandazi.
Nililipia thelathini na mawili; mko thelathini na moja, na mimi.
Nikahesabu: moja halipo.
Nikahesabu tena, polepole, kwa sauti, ili wasikie.
"Aliyechukua ajitokeze. Hapa hatuchapi mtu. Hapa tunajenga tabia."
Kimya.
Nje mtu alikuwa akigonga bati, akiacha, akigonga.
Nikauendea mti wangu. Mizizi, nikasema, mizizi ndiyo ukweli,
na sauti yangu ikazidi kupanda, hata nikaitambua:
ni ya baba, akitafuta shilingi kumi chini ya godoro,
sisi watano tumepangwa ukutani.

Ndipo Muhonja, wa miaka tisa, ambaye hasemi,
akainua mkono nusu.
"Madam, wiki ile hukuja, ulituma ujumbe unaumwa.
Mimi na kukhu tulikuona Gikomba.
Ulikuwa unajaribu viatu."
Akaivuta sketi yake ifunike magoti.
"Ni hivyo tu."

Vilikuwa miguuni mwangu.
Vya kahawia, kisigino kifupi,
mia nne na hamsini baada ya kuvutana sana.

Ningeweza kusema nilikuwa natoka hospitali.
Maneno yalikwisha kujipanga mdomoni, safi, yamechana nywele.
Nikakaa kwenye kiti cha waya. Kikalia.
"Sikuwa mgonjwa," nikasema. "Nilichoka.
Nilichoka na nyinyi, kidogo, na kupanga viti.
Nikaona aibu kuandika hivyo."
Pacha mmoja akamtazama mwenzake, mara ya kwanza tangu Mei.
Halkano akauliza, "Sasa utachapwa na nani?"

Tukala. Mandazi yaliwatosha wote;
aliyekosa ni mimi. Aliyechukua hakujitokeza.
Muhonja alinikatia pembe ya lake, nikakataa, akasisitiza,
nikala.

Saa sita Kwamboka aliinama kukaza leso
na yule mtoto akanigeukia begani pake,
kidevu chake kimejaa makombo,
ngumi imefumbata kipande kilicholowa mate.
Miezi minne anakuja hapa kila Jumamosi.
Nahesabu viti.
"Anaitwa nani?" nikauliza.
Kwamboka akasita, akayafuta yale makombo upesi kwa kiganja,
akanitazama usoni kwanza,
kisha viatuni,
kisha akaniambia.