Sighuna

Mwalimu Nyagawa alitupanga mstari, darasa la tatu,
akatuamuru tushike koo.
Semeni *zzz*. Makoo ya wenzangu yakanguruma
kama mashine ya kukoboa kule stendi ya Tukuyu.
Semeni *sss*. Yakanyamaza.
Langu lilinyamaza mara zote mbili.

Nilisema *sawadi*. Nilisema *masiwa*.
Nilisema mvua ikinyesha vizuri tutapata *masao*.
Fimbo yake ilitamka kila kitu sawasawa.

Nyumbani bibi Tusajigwe alikuwa akichambua maharage.
Kilio cha nini?
Wanasema sina *z*.
Akatupa punje iliyotobolewa, akafikiri.
"Na *ndisi* si umekula?
Basi hujapungukiwa."

Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi Mswidi,
mwanamke mrefu mwenye soksi za sufu.
Naye alisema *sawadi*. Alisema *dawa sa masiko*.
Kwao, nilikuja kujua, herufi ipo, ngurumo haipo.
Watu walimsikiliza wakitikisa vichwa:
kumbe Kiswahili amekijua upesi hivi!

Babu Ambokile alichimba reli na Wachina, Makambako.
Alisimulia kwamba kwao *t* ni mbili
na hakuna hata moja inayogusa koo;
tofauti ni pumzi.
Mchina mmoja alishika karatasi ya sigara mbele ya mdomo:
ikipepea, ni neno hili,
ikitulia, ni neno jingine kabisa.
Babu akajaribu wiki nzima.
Karatasi yake ilipepea ilipojisikia.

Bibi alikuwa na rovu.
Chumvi yenye madini joto ilichelewa kupanda milima yetu,
na shingo yake ikazaa parachichi
alilolifunika kwa kitenge hata jua kali.
Wakampasua Mbeya.
Akarudi na kovu jembamba kama uzi wa kushonea,
na sauti ikabaki huko,
sijui kwenye beseni gani.

Tangu hapo aliongea kwa hewa tupu.
Nikalala kitanda kimoja naye miaka minne,
nikajifunza ambacho Mwalimu Nyagawa hakukisema:
katika mnong'ono hakuna mwenye *z*.
Jaribu. Subiri taa izimwe,
sema *zawadi* sikioni mwa umpendaye, koo likiwa limelala.
Itatoka *sawadi*.
*D* itayeyuka iwe *t* legevu, *v* itakuwa *f*.
Kila mtu anayetunza siri ni Mnyakyusa.

Siku hizi mimi ndiye ninayeshika chaki, Mpuguso, chuo cha ualimu.
Naandika: *t*, *s*. Sighuna. Za ufizi.
Ncha ya ulimi ipande nyuma ya meno ya juu;
kwenye *t* hewa inafungiwa, kisha inaachiwa ghafla,
kwenye *s* inapenyezwa kwenye ufa mwembamba, inalia.
Shikeni koo.
Wanashika, wanacheka,
na kila mwaka yuko mmoja ambaye lake halingurumi,
anatazama viatu.
Namuuliza kama amekula ndizi.
Wengine hawaelewi. Sijawahi kuwaeleza.

Usiku ule wa Machi Rungwe ilikuwa haionekani tangu Jumatatu.
Mahindi mabichi yalikuwa jikoni, hakuna aliyeyagusa.
Bibi alifumbua macho, akaanza kuniita.
Subilaga ni jina refu kwa mtu aliyebakiwa na pumzi chache,
na irabu zinataka nguvu.
Ilitoka *s*
peke yake, ndefu, haikufika kwenye *u*.
Juu ya bati mvua nayo ilikuwa ikisema vilevile.

Niliitikia zote mbili,
nisije nikakosea.