Kifungu Kumi na Tisa

Ni mimi Mwanamkasi,
mwenye tanuri na kesi,
sikilizeni upesi,
mlo hapa Ngamiani.

Donge limeshaumuka,
na kuni zimeshawaka,
nipeni chache dakika,
niyatoe ya moyoni.

Mwaka juzi, mwezi Mei,
upepo hauna rai,
paa zima halifai,
likatua kwa jirani.

Ukuta ukapasuka,
tanuri likazimika,
na unga ukamwagika,
ukawa uji njiani.

Bima nimeilipia,
miaka minane pia,
risiti nimezitia
kopo la hamira, ndani.

Wakamtuma Kilua,
viatu hakuvivua,
kwa macho akachungua,
hakuingia jikoni.

Barua yenye upupu:
milioni tatu tupu,
kama sadaka ya kapu
inayopita sokoni.

Fundi Mhina kapima
bati, boriti na chuma,
"Kumi na moja," kasema,
"pungufu ni uhaini."

Usiku nikaisoma
bima, mbele hadi nyuma,
herufi kama mtama,
tochi iko mdomoni.

Kifungu kumi na tisa:
"Mkibishania pesa,
msigombane kabisa,
teueni wathamini.

"Kila upande na wake,
wa tatu nao wamweke,
la wawili na lishike,
ndilo litakuwa deni."

Nikamtaja Semboja,
wa kwao nikamngoja,
mwezi wa nne ukaja,
simu: "Yumo kikaoni."

Kisha wakaja na ufa:
"Ukuta ulishakufa,
upepo hauna sifa,
ni ubovu wa zamani."

Wakanipa na methali:
"Ufa wewe hukujali,
jenga ukuta kwa mali
itokayo mfukoni."

Nikaenda kwa hakimu
mwenye sauti ya ndimu,
akasoma kwa nidhamu
kifungu hadi pembeni.

"Ufa nautenga kando,
sababu ni langu fundo,
bei ni ya wenye nyundo
na futi zao begani.

"Sahihi mliitia,
hamwezi kukikimbia,
kwa wiki mbili, sikia,
wenu awe Ngamiani."

Wakaja watu watatu,
wakavivua viatu,
wakapima hata kutu
na masizi ya jikoni.

Wa kwao kashika nne,
Semboja kumi, waone,
wa tatu kasema: "Nane!"
Wawili wakasaini.

Ufa bado una kesi,
utanenwa kwa nafasi,
ila bei si tetesi,
imekwisha mizanini.

Kimoja hakikupimwa:
asubuhi za kunyimwa,
harufu iliyozimwa
ya mkate barazani.

Haya, donge limejaa,
turubai ndilo paa,
anunue mwenye njaa,
bei yake ulizeni.