Bampa Mbili za Foksi ya Baba

Mnunuzi alishuka treni ya asubuhi,
futikamba kiunoni,
kitabu cha picha ndani ya nailoni
kama kichanga kinachofichwa vumbi la Mwanga.
Hakuomba hata maji. Alichuchumaa mbele ya Foksi
akaipapasa bampa, kidole kwa kidole.

"Mbele, Marekani," akasema.
Bomba juu ya ubapa, pembe mbili zimelibeba,
kwani kule magari yana vifua virefu,
na kagari kafupi kasipoongezewa kimo
hupandwa mgongoni kwenye foleni.
Akazunguka. "Nyuma, Ujerumani.
Ubapa mtupu, vipembe viwili, basi."
Akafunga kitabu.
"Dada, hili si gari moja."

Sikumjibu. Nilikuwa natazama mawese
yalivyoganda kwenye kromu, rangi ya chungwa.
Baba aliipaka bampa kila Jumamosi
kabla hajapaka miguu yake mwenyewe.
Kutu, alisema, haina likizo.

Bihonzi, karani wa bandari.
Alilipokea gari hili likishuka behewani,
ubapa mbele, ubapa nyuma,
mapacha.
Wa mbele ulifia Gungu
kwenye paja la ng'ombe wa pembe ndefu aliyegoma kupisha.
Ng'ombe akaenda zake,
hata nyuma hakutazama.
Miezi minane Foksi ikatembea mdomo wazi
na watoto wa Mlole wakaiita Kibogoyo.

Kisha Liemba ikaleta kasha kutoka Bujumbura:
mchungaji fulani, gari lake limezama Ruzizi,
limeokolewa bomba hilo na taa moja.
Fundi Feruzi akalipima kwa macho, akatema mate.
"Halitoshi," akasema. Halafu: "Litatosha."

"Nanunua la mbele tu," mnunuzi akaniambia.
"Za nyuma ziko tele, Dar wanauza kama karanga.
Hili bomba ndilo silipati."
Akapanga noti juu ya buti,
ambayo kwa Foksi iko mbele,
nikaziona zinapepea karibu na taa.
Ada ya chuo ya mwanangu. Karibu yote.
Nikamwita Feruzi.

Alikuja na spana namba kumi na tatu,
macho yamefifia, vidole bado vinaona.
Nati ya kwanza ililia.
Ya pili ikatoka na ngozi ya kidole chake.
Nyuma ya chuma, matundu saba,
matano ya kukosea,
na kati ya kila nati na bodi
kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne,
kijani, chenye macho ya tausi.

Nikakijua.
Mama alikitafuta kitenge kile
mpaka akamsingizia jirani,
Idi mbili zikapita hawasalimiani.
Ndicho alichovuka nacho kutoka Kalemie.
Upindo wake wote ulikatwa kwa mkasi wa ofisi
ili bampa ya wenyewe isipige kelele
usiku ule wa kwenda hospitali,
mimi tumboni, barabara ya mawe,
mama hataki kusikia hata mbu.

"Ulijua?"
"Niliapishwa," akasema Feruzi,
akinyonya kidole chenye damu.

Mnunuzi amehesabu noti zake tena
kana kwamba zimezaana.
Treni yake ni Alhamisi, na leo ni Jumanne.
Nimempa maji, nimempa mgebuka na ugali wa muhogo,
nimemwambia ayahesabu na matundu,
ayatafute kwenye kitabu.
Ada nitaitafuta kwingine, sijui wapi.

Feruzi anakaza.
Kitenge kimerudi mahali pake,
isipokuwa kipande kimoja; hapo ametia mpira wa ndala.
Hicho kimoja ninacho mfukoni.
Nakipeleka Ujiji kwa Bi Nyabhenda,
yule jirani.
Bado yu hai, na bado, nasikia, amekasirika.